Jikoni kwa Kantaben Hakuonjwi

Nyinyi vijana mnaokula nje kila Ijumaa, leo kwa Mkorea, wiki ijayo kwa Mlebanoni, na kabla hamjatia tonge mdomoni mnakipiga picha chakula, kaeni chini nikuambieni. Sikukatazeni kwenda. Mie nimekula kwa watu hao kabla hamjazaliwa, tena nilikwenda kama mtu anavyokwenda skuli. Ninachotaka ni mjue nani yuko nyuma ya ule mlango wa jiko unaofunguka na kujifunga wenyewe, maana nimekaa nyuma yake miaka ishirini na sita.

Skuli ya kweli niliisoma kidogo. Chuo cha Kurani na darasa la nne, basi. Mkiona maandishi yamekwenda upande, yanyoosheni wenyewe. Na najua mtasoma kwa Kiswahili mnijibu kwa Kiingereza, ndiyo kawaida yenu. Sawa. Alimradi msome.

Tulipofika London kutoka Unguja, mimi na babu yenu, tulikaa chumba kimoja Edmonton. Jumamosi moja tunapita barabarani, nikaona kwenye kioo cha duka watu wamekaa, wamevaa vizuri, kila mtu na sahani yake, wanakula kimya.

Nikamwuliza babu yenu, "Pana arusi?"

"Hapana."

"Basi khitma."

"Hakuna aliyekufa, bibi wee. Wanakula tu."

"Kwao hawana jiko?"

"Wanalo."

Nikasimama pale kwenye baridi mpaka akanivuta mkono. Mtu ana jiko kwake, anavaa koti lake zuri, anakwenda kupikiwa na mtu asiyemjua hata jina, na anakula bila kuogopa! Hilo la kutoogopa ndilo lililonishinda. Kwetu chakula cha mtu usiyemjua hukili hivi hivi. Wale walikuwa wanatia mdomoni wanacheka. Mpaka leo nikipita mbele ya mkahawa nikaona watu wanakula, naona ni jambo kubwa. Ninyi mmelizoea, hamlioni.

Kazi niliipata Kingsbury, mabasi mawili kutoka kwetu. Kwenye kioo cha mkahawa mdogo palikuwa na karatasi, mstari wa kwanza Kigujarati, wa pili Kiingereza, na chini kabisa, kwa mkono wa mtu mwingine: NATAKA MUTU YA JIKO. Nilikuwa sijaona Kiswahili kimeandikwa ukutani tangu niondoke kwetu. Nikaingia hata sikusoma mistari mingine, na hata ningetaka nisingeweza.

Mwenye mkahawa alikuwa Bwana Jamnadas, mpishi mkewe, Kantaben. Hilo "ben" ni kama sisi tunavyosema "dada". Walikuwa na duka la vitambaa Jinja, wakafukuzwa Uganda pamoja na Wahindi wenzao, wakafika huku na masanduku mawili. Walikaa kambini majira ya baridi mazima, kisha wakapanga lile duka, wakatia meza nane. Hapakuwa na nyama, samaki wala yai. Mboga, mchele, mikate, sambusa za viazi, na muhogo wa kukaanga, ambao wao huuita "mogo". Siku ya kwanza nilipouona muhogo London karibu niusalimie.

Siku hiyohiyo ya kwanza Kantaben akaniambia, "Wewe. Leta maji. Kata biringani. Upesi."

Nikaweka kisu chini. "Bibi, mimi si boi wako wa Jinja."

Akanitazama, hakukasirika, alishangaa. "Boi nani? Mimi najua hii Kiswahili tu. Ingine hapana."

Nikafahamu. Mwanamke huyu alikuwa amezaliwa Uganda, na Kiswahili alichopewa maisha yake yote kilikuwa cha kuagizia. Cha kuombea hakuna aliyemfunza. Nikamwambia, "Basi nitakufunza."

"Funza nini?"

"Kusema tafadhali."

Akafikiri. "Tafadhali," akasema, "kata biringani. Upesi."

Nikakata. Nifanyeje?

Siku ya nne nikafanya kosa ambalo Mwingereza asingelifanya, wala Mhindi. Kosa letu sisi. Sufuria kubwa ya dali ilikuwa imeiva. Dali ni mbaazi zilizopaazwa zikachemshwa mpaka zikavurugika, na pale kwa Kantaben ndiyo iliyowaleta watu. Nikachota kwa upawa, nikadondosha kidogo kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, nikalamba, kama alivyofanya mama yangu na mama yake. Ilikuwa tamu, chumvi imekaa pahala pake. Nikageuka nimwambie hivyo, nikamkuta amesimama nyuma yangu, uso umemwiva.

"Umekula?"

"Nimeonja."

"Umekula!"

Alikuwa mwanamke mdogo, hanifiki begani. Alizima moto, akaishika ile sufuria kwa matambara mawili, akaibeba mpaka mferejini nyuma ya duka, akaimwaga yote. Ilibaki nusu saa mkahawa ufunguliwe. Akarudi, akaosha sufuria, akaweka maji mapya.

Nikafungua aproni yangu. Nikamwambia, "Kwetu mpishi asiyeonja chakula chake tunamtilia shaka. Tunajiuliza ametia nini humo."

Naye akaniambia, huku anapeta mbaazi, wala haniangalii, "Wewe naonja, wewe nakula mbele. Mungu nakula nyuma yako. Mugeni nakula nyuma yako. Wote nakula mabaki ya Zuhura."

Nilikuwa sijaambiwa maneno hayo na mtu yeyote. Nimepika tangu nina miaka tisa, na haikunipitia hata siku moja kwamba ninayeonja ndiye ninayekula kwanza, na mgeni wangu ninampa kilichobaki. Kila asubuhi kijiko cha mwanzo cha kila chungu kilitiwa kwenye kijibakuli cha chuma, Bwana Jamnadas akakipandisha ghorofani kwenye pahala pao pa ibada. Kabla ya hapo hakuna ulimi uliogusa. Dini yangu siyo hiyo, na kile kijibakuli sijakipandisha hata siku moja. Lakini kukiosha nilikiosha, tena vizuri. Nikafunga tena aproni.

"Sasa chumvi unaijuaje?" nikamwuliza.

Akaniangalia kama nimemwuliza analijuaje jina lake. "Pua iko," akasema.

Jumatatu mkahawa ulifungwa, na hapo ndipo skuli yangu ilipoanza. Kantaben alivaa sari nzito, sweta la mumewe juu, soksi za kiume ndani ya champali, tukapanda basi kwenda kula kwa watu. Kwa Mkupro, kwa Mtaliana, kwa Mchina, popote palipokuwa na harufu iliyomshika njiani. Yeye hakula kitu. Aliagiza chai, na hata hiyo hakuinywa. Mimi niliagiza kisichokuwa na nyama: supu ya adesi, samaki, makaroni. Sahani ikija, Kantaben anaivuta kwake, anajifunika kichwa kwa sari kama mtu anayejifukiza dawa ya mafua, anakaa humo. Watu wa meza nyingine wanaacha kula wanatutazama. Mimi nataka ardhi inimeze.

Kwa Mkupro alitoa kichwa akasema, "Chumvi mingi. Ndimu hapana. Mutu ya jiko nagombana na bibi yake."

Nikaonja. Chumvi ilikuwa kali mpaka macho yakanitoka. Ndimu haikuwamo. Na kabla sijameza, mlangoni kwa jiko tukasikia sauti ya mwanamke, kisha sahani inavunjika.

"Umejuaje hilo la kugombana?"

"Chumvi natia mara mbili. Mutu yenye akili hapana tia mara mbili."

Mtumishi wa kwa Mtaliana alikuja siku moja kuuliza kama chakula kina kasoro. Kantaben akaniambia, "Sema yeye, nzuri sana. Lakini chumvi tia mwisho, mwanzo hapana." Nikamfasiria kwa Kiingereza changu kile. Mtumishi akaingia jikoni, akatoka mpishi mwenyewe, mtu mkubwa ana masharubu, akasimama mbele ya Kantaben amekunja mikono. Akauliza amejuaje. Nikamwonyesha pua. Yule mtu akamwinamia. Nimewaona walimu, masheikh, madaktari wa hospitali kubwa za hapa, na sijaona mtu anakijua kitu kama yule mwanamke alivyoijua chumvi.

Basi nikufunzeni kidogo, msije mkasema bibi kaandika hadithi tupu. Chumvi ya mbaazi na jamii yake itieni zikishapasuka, mkitia mapema zinakuwa ngumu, mtazichemsha mpaka mkasirike. Pimeni kwa vidole vyenu wenyewe, msikope vidole vya mwingine. Mkitaka kusikiliza mvuke, zimeni moto kwanza, mngoje mapovu yalale, kisha msogeze uso na mdomo wazi kidogo. Kilichokolea kinakaa nyuma ya koo. Kisichokolea kinapita tu kama maji moto. Mie ilinichukua miaka miwili, na mpaka leo kwa maharage sina hakika.

Jambo jingine, na hili mlishike kwa sababu litakuja: tulikuwa wapishi wawili kwenye sufuria moja, na tukiogopa kutia chumvi mara mbili. Kwa hiyo ukishatia, unageuza kifuniko juu chini. Kifuniko kikiwa kimegeuzwa, mwenzako haitii tena.

Mfungo wa Ramadhani ulimfurahisha sana Kantaben. "Sasa wewe kama mimi," alisema. Nikamwambia sheikh wetu amesema mpishi aliyefunga anaweza kugusa kwa ncha ya ulimi kisha akatema, haina neno. Akaninyooshea kidole. "Sheikh yako iko msikitini. Hii jiko."

Sasa sikilizeni. Nyumba yenye mkahawa ilikuwa ya mzee mmoja wa Kiingereza, Bwana Dobson, aliyekaa nyuma ya duka na mkewe. Dirisha la chumba cha mkewe lilitazama ua wetu, na harufu ya mafuta ya kukaangia ilikuwa inaingia kwenye mapazia yake. Alilalamika mwaka mzima. Mkataba wa pango ulipokaribia kwisha, Bwana Dobson akaja akasema, kwa upole kabisa, kwamba Alhamisi mchana yeye na mkewe watakuja kula, hawajawahi kula hapo, na baada ya kula atasema kama tunabaki au tunaondoka mwisho wa mwezi.

Uganda walipewa siku tisini. Hapa wangepewa siku ishirini. Kantaben akateremsha masanduku mawili kutoka juu ya kabati, akayapangusa vumbi, akayaweka mlangoni. Bwana Jamnadas anayarudisha juu, asubuhi yako mlangoni tena.

"Usipange safari kabla hatujaambiwa," nilimwambia.

"Ile saa nyingine mimi hapana panga," akasema. "Nafukuzwa na nguo ya jikoni."

Jumatano akaanguka chini pale jikoni, ameshika ubavu. Mawe kwenye nyongo. Gari la wagonjwa likaja, na wanaume wawili wamemlaza kwenye machela wanamtoa, akanishika upindo wa nguo.

"Zuhuraben." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Dali wewe. Hapana onja."

"Nimefunga, Kantaben."

"Hata ulimi hapana."

"Hata ulimi."

Alhamisi nilifika mapema, peke yangu. Bwana Jamnadas alikuwa hospitali. Mogo tayari, viazi tayari, unga wa mikate umeumuka. Dali ikapasuka vizuri. Nikapima chumvi kwa vidole vyangu, nikaitia kwenye kibakuli kidogo, nikakishika mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto nikakigeuza kifuniko. Hapo hapo simu ikalia kwenye ujia wa nyuma.

Alikuwa Bwana Jamnadas. Sauti yake sikuijua. "Wanampeleka kumpasua sasa hivi, Bi Zuhura. Nibaki au nije?"

"Yeye kasemaje?"

"Kasema niende nikawahudumie wageni."

"Basi njoo."

Nililia kidogo pale kwenye simu, kisha nikarudi jikoni. Nikakitazama kifuniko, kimegeuzwa. Nikazima moto, nikangoja mapovu yalale, nikainama na mdomo wazi. Sikusikia kitu. Pua ilikuwa imejaa kilio, ningewekewa karafuu puani nisingezinusa. Nikajipangusa, nikainama tena. Hakuna kitu.

Jamani, upawa ulikuwa mkononi. Hapana mtu. Ncha ya ulimi tu, kisha niteme kwenye sinki. Ruhusa ya dini yangu nilikuwa nayo. Ya Kantaben sikuwa nayo, na yeye wakati huo alikuwa amelazwa chini ya taa, tumbo wazi. Niliusogeza upawa mpaka mvuke ukanipiga midomoni. Kisha nikaurudisha. Nikasema, kifuniko kimegeuzwa, chumvi imo, na nikakiamini kifuniko.

Bwana Jamnadas akaja, akanawa, akapandisha kijibakuli chake juu kama kila siku, akashuka amevaa tai. Saa saba wageni wakaingia. Mzee mrefu aliyeinama, na mkewe mwembamba ameshika mkoba kwa mikono miwili kama yuko kwenye treni. Nikawatazama kwa kidirisha cha kupitishia sahani. Dali ikaenda, na wali, na viazi, na mkate.

Simu ikalia tena, nikaenda mbio. Mwuguzi akasema mama ameshapasuliwa, salama, amelala. Nikasema alhamdulillahi, nikaweka simu. Pembeni ya simu pana kibakuli changu kidogo. Na chumvi yangu yote imo, haijapungua hata punje.

Nilikuwa nimekwenda nayo mkononi.

Sijui nilifikaje pale kidirishani. Nilitaka kupiga kelele "Msile!" na kwa Kiingereza sikukumbuka inasemwaje. Bwana Dobson alikuwa amekwisha kushika kijiko. Lakini hakukitia kwenye dali. Mkono wake wa pili ulikuwa umekwenda kwenye kile kichupa cha chumvi ambacho Bwana Jamnadas alikiweka mezani kwa ajili ya Waingereza, na Kantaben akikichukia kama mtu anavyochukia tusi. Akakipindua juu ya bakuli lake. Akatikisa, akatikisa, akatikisa. Hakuwa ameonja! Hata hakukitazama chakula, alikuwa anamwambia mkewe jambo. Kisha akampa mkewe kile kichupa, na yeye akatikisa hivyo hivyo. Wakakoroga. Wakala.

Nilishika ukingo wa kidirisha kwa mikono miwili. Mimi nimefundishwa miaka na miaka kuinama juu ya mvuke, na watu hawa wanatia chumvi kwenye chakula wasichokijua, kilichopikwa na mtu wasiyemwona, kama wanavyovaa kofia. Na ilikuwa sawasawa! Niliona usoni. Yule mama aliweka mkoba chini. Mzee alichukua mkate akapangusia bakuli mpaka likang'aa.

"Nani anapika?" akauliza.

"Mke wangu," Bwana Jamnadas akamjibu. "Leo yuko hospitali. Amepika huyu bibi."

Mzee akageuka kidirishani, akaniinamishia kichwa. "Imekolea vizuri sana," akasema.

Mkewe ndiye aliyesema neno la mwisho. Akasema bomba la moshi linyanyuliwe lipite juu ya dirisha lake, na watu hawa waachwe wakae. Mumewe akaandika miaka mitano.

Kesho yake kabla ya kwenda kazini nilikwenda hospitali. Kantaben alikuwa wa manjano, mdogo kitandani kama mtoto. Bwana Jamnadas alikwisha kumwambia habari ya mkataba. Lile jingine alikuwa halijui, kwa sababu nilikuwa sijamwambia mtu. Nikamwambia yote, simu, kibakuli, kifuniko, kichupa. Nilingoja anifukuze.

Akajiinua kidogo kwenye mto. Kisha akauliza, "Ya Mungu ilitoka mbele?"

"Ilitoka. Bwana alipandisha kabla ya wageni."

"Basi naye nakula bila chumvi."

"Astaghfirullah, Kantaben!"

"Yeye hapana lalamika," akasema, na akaanza kucheka, ameshika mshono, machozi yanamtoka, anasema ai ai ai, mimi nacheka, nimefunga na nacheka, mpaka mwuguzi akaja akanitoa nje kwa mkono. Mlangoni nikamsikia ananiita nyuma. "Zuhuraben! Sema Jamnadas, kile kichupa jaza. Tafadhali."

Jioni ile babu yenu na wanangu walikaa kungoja adhana. Nyumbani kwangu hadi siku hiyo aliyeomba chumvi mbele ya chakula changu nilimwona amenivunjia heshima, na walilijua hilo, wakila kimya hata pale nilipokosea. Nikachukua kikombe, nikatia chumvi, nikakiweka katikati ya meza. Wakanitazama.

"Hiki hakiondoki hapa," nikawaambia. "Chakula changu kikipungua, tieni, sitanuna. Lakini kila mtu aonje kwanza. Mpishi ana ruhusa ya kutoonja. Mlaji hana."